Uzi Mmoja, Usiku Mzima

Saa saba usiku, Mbeya, mwezi Machi. Mvua iliyoanza magharibi imechoka. Imebaki kudondoka tone moja moja kutoka ukingoni mwa bati. Malori ya kwenda Tunduma yanasikika yakibadili gia mlimani, kisha yananyamaza. Nilikuwa macho kwa kazi iliyonichelewesha, redio ndogo iko mezani, sauti chini, kama mtu anavyouacha mlango wazi kidogo ili chumba kisiwe na upweke. Mtangazaji alikuwa anasoma salamu za wasikilizaji. Akamaliza, akatulia, na badala ya Bongo Fleva niliyoitegemea ukaja mlio wa uzi unaodonolewa.

Ulikuwa mlio mdogo. Sauti nne au tano tu, zikizunguka mahali pamoja kama mtu anayetembea uani huku akingoja habari kutoka hospitali. Baada ya mizunguko kadhaa ikaingia sauti ya mzee, ya chini, isiyo na haraka, ikiimba Kihehe. Hapo nikatambua: ligombo. Matone ya batini yaliendelea, na kwa muda sikujua lipi ni tone na upi ni uzi.

Hazikufika dakika mbili. Tangazo la mikopo ya haraka liliingia katikati ya mstari, likamfuta mzee yule kama dasta inavyofuta ubao. Kituo sikitaji, maana kosa hilo ni la wengi. Lakini dakika zile chache zilinirudisha kwenye ala niliyoipenda kwa miaka, na kwenye swali ambalo sijawahi kulimaliza: muziki wa usiku unatengenezwaje?

Ukiliona ligombo kabla ya kulisikia, utalidharau. Ni kipande kimoja cha mti kilichochongwa kikawa kirefu na chembamba, kikachimbwa katikati mpaka kikapata bonde la kina kifupi, mfano wa chano au hori dogo. Ncha zake mbili zimekatwa mapengo kama meno ya msumeno. Juu ya bonde hilo zimetandazwa nyuzi, ncha hadi ncha. Nimesema nyuzi kwa mazoea ya ulimi tu. Kwa kweli ni uzi mmoja. Fundi anaufunga upande huu, anaupitisha kwenye pengo, anaupeleka ng'ambo, anaurudisha, anaupeleka tena, mpaka umevuka bonde mara kadhaa. Zamani uzi huo ulitokana na mnyama, mshipa au utumbo uliosokotwa na kukaushwa. Siku hizi waya umechukua nafasi hiyo mara nyingi.

Sasa fikiria kazi ya kulisawazisha. Gitaa lina vigingi vyake, kila uzi na kigingi chake. Ukikaza mmoja, wengine hawana habari. Ligombo halina kigingi. Kinachoushikilia uzi mahali pake ni msuguano wa pengo peke yake. Ukitaka mstari wa tatu upande sauti, lazima uuvute, na huo urefu unaouvuta unatoka kwa jirani yake. Ni kama blanketi la watoto wanne usiku wa Julai kule Makete: mmoja akivuta, wote wanajua. Kwa hiyo mpiga ligombo hasawazishi mstari mmoja mmoja. Anasawazisha ujirani. Anavuta kidogo hapa, anasukuma kidogo pale, anadona, anainamisha sikio, anarudi alikotoka. Mtu asiye na subira ataona kwamba muziki unachelewa kuanza. Mwenye kulizoea anajua kwamba umeshaanza, maana wakati huo mpigaji anazoeana na mti wake, na wasikilizaji wanaanza kushusha sauti zao bila kuambiwa.

Ndipo vidole vinaanza kazi. Mpigaji ameketi, ala iko mbele yake, mikono yote miwili inadonoa. Hakuna mbio. Anatengeneza mzunguko mfupi, anaurudia, anaurudia tena, na katika mzunguko wa sita au wa saba anabadilisha kitu kimoja: anaacha sauti moja isipigwe, au anaichelewesha kwa nusu ya pumzi. Aliyekuwa anasinzia anafumbua macho. Hajui kilichobadilika, ila anajua kwamba kuna kitu kimebadilika. Huo ndio ufundi ninaoustaajabia kuliko mwingine wowote katika ala hii: kumzoesha msikilizaji mpaka badiliko dogo kabisa liwe tukio. Mpiga ngoma ya harusi akiacha pigo moja, hakuna atakayegundua. Mpiga ligombo akiacha moja, chumba kizima kinalisikia pengo lake.

Kuna jambo jingine linalotokea katika mzunguko huo, nalo lilipata maelezo mazuri kutoka kwa Gerhard Kubik, mtafiti wa Austria aliyekwenda Uganda mwishoni mwa miaka ya 1950 na kujifunza kupiga ala kwa mikono yake kabla ya kuandika kuzihusu. Mwaka 1962 alichapisha makala kuhusu miziki ya Afrika Mashariki na Kati akaonyesha kwamba sikio, likipewa sauti zinazoruka juu na chini kwa mpangilio unaojirudia, huzichambua lenyewe. Zile za juu hujikusanya zikawa wimbo mmoja, zile za chini zikawa wimbo mwingine. Nyimbo hizo hakuna mkono uliozipiga. Zinazaliwa kichwani mwa anayesikiliza. Niliposoma hayo nilielewa kwa nini kaka yangu na mimi, tukisikiliza ligombo lilelile, kila mmoja alikuwa akipiga mluzi wa wimbo wake baadaye, na kubishana.

Ligombo lina ndugu wengi. Ukielekea kaskazini-magharibi utakuta nanga ya Wahaya huko Kagera, na inanga ya Rwanda na Burundi: umbo ni lilelile la bonde la mti na uzi mmoja unaokwenda na kurudi. Ni ala zinazobeba maneno mazito. Profesa Mugyabuso Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika tasnifu yake ya uzamivu, mwaka 1986, juu ya tendi za nanga za Wahaya, akawatetea manju wa nanga kuwa ni watunzi wa tendi sawa na wale ambao dunia imezoea kuwataja. Kwa Warundi kuna mtindo wa kuimba kwa kunong'ona. Mwimbaji hatoi sauti ya kooni kabisa; anapumua maneno tu, na inanga inapiga ule mwendo wa wimbo chini yake. Mnong'ono hauna wimbo, uzi hauna maneno. Lakini vikienda pamoja sikio linaviunganisha, na unaapa kwamba umesikia mti ukizungumza.

Ala za namna hii haziwezi kushindana na kelele. Na kwa kuwa haziwezi, zimejifunza kitu ambacho ala zenye nguvu hazikulazimika kujifunza: kungoja. Uzi ukishadonwa, sauti yake huzaliwa kubwa kisha hupungua taratibu, na mpigaji hodari anaiacha ipungue hadi pale anapotaka, ndipo anaileta nyingine. Wanafunzi hupiga sauti. Mabwana wa kazi hupiga pia ule mwisho wa sauti.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyefanya makazi yake kusini mwa Afrika, alipita Tanganyika na gari la mitambo ya kurekodia. Miongoni mwa waliokaa mbele ya maikrofoni yake walikuwa Wahehe na ligombo lao. Tracey naye alikuwa fundi wa aina yake. Hakupenda kuisimika maikrofoni kwenye mguu wa chuma na kuondoka. Aliishika mkononi, akaisogeza karibu na vidole, akaivuta kuelekea mdomoni mwimbaji anapoanza, akairudisha. Jenereta ilikaa mbali ili mngurumo wake usiingie. Sahani za santuri za siku zile zilibeba kama dakika tatu upande mmoja, kwa hiyo nyimbo zilizokuwa na desturi ya kwenda mpaka moto uzimike zililazimika kukunjwa kama barua. Tunachokisikia leo katika rekodi hizo ni dirisha, si nyumba.

Tazama mpangilio wa miaka. Sauti ya Dar es Salaam, redio ya kwanza ya nchi hii, ilianza kurusha mwaka 1951. Maana yake ligombo lilirekodiwa kabla nchi haijawa na redio ya kulirusha. Mwaka 1954 fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lilirudishwa Kalenga, Iringa, kutoka Ujerumani, na mwaka huohuo Tracey akaanzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, ambayo leo iko Makhanda, Afrika Kusini. Kichwa cha mtawala kikarudi nyumbani. Sauti za watu wake zikawekwa rafuni ugenini. Silaumu. Bila rafu hiyo tungekuwa na simulizi tu. Ila ni vizuri kujua kwamba wimbo wa Iringa, ili usikike Iringa, huenda ukalazimika kusafiri kutoka ncha ya bara.

Huku kwetu mambo yakiwa hivyo, Ulaya ilikuwa inakitafuta kitu kinachofanana. Mwaka 1975 Brian Eno, mwanamuziki wa Uingereza, alikuwa kitandani akiuguza majeraha ya ajali. Rafiki alimletea santuri ya kinubi, ikawekwa, sauti ikiwa ndogo mno na spika moja haifanyi kazi, na nje mvua inanyesha. Hakuwa na nguvu za kuinuka kuirekebisha. Akalala akisikiliza kinubi kikichungulia katikati ya mvua, akatambua kwamba muziki unaweza kuwa sehemu ya chumba, kama mwanga wa taa. Mwaka 1978 alitoa albamu aliyoitunga kwa ajili ya viwanja vya ndege, na aina hiyo ya muziki ikapata jina na wafuasi. Redio za usiku za Marekani na Ulaya zikaupokea kwa mikono miwili, zikauchanganya na kazi za watunzi wa kinanda na fidla wanaopenda sauti chache na nafasi nyingi, kama Arvo Pärt wa Estonia.

Kila nikisoma kisa cha Eno nacheka kidogo. Kinubi, mvua, sauti chini: mtu yeyote aliyelala chini ya bati Tukuyu, ambako mvua haina adabu ya kuaga, alishayajua hayo. Hata hivyo kuna tofauti ambayo haifai kufichwa. Eno alitaka muziki ambao msikilizaji anaweza kuupuuza bila hasara, na Erik Satie wa Ufaransa, miaka kama 60 kabla yake, alizungumzia muziki wa kuwa kama samani. Ligombo halikukubali kamwe kuwa kiti. Sauti yake ni ndogo, lakini ndani yake kuna majina ya watu, ukoo, vita, na mawaidha. Linashusha sauti kwa sababu ileile inayomfanya mzee ashushe sauti anapofika kwenye jambo lenyewe: ili usogee.

Njia hizi mbili zilishakutana, na mmoja wa waliokutana alitoka jirani. Ukivuka bwawa la Mtera kutoka Iringa unaingia Ugogo, nyumbani kwa Hukwe Zawose, bwana wa zeze na ilimba, ala ya vyuma vinavyodonolewa kwa vidole gumba. Muda si mrefu kabla ya kifo chake mwaka 2003 alirekodi albamu iitwayo Assembly pamoja na Michael Brook, Mkanada aliyewahi kufanya kazi na Eno. Jambo la kupendeza ni kwamba ilimba ya Kigogo haikuhitaji mitambo ili itoe ule ukungu wa sauti ambao studio huutafuta kwa gharama. Miongoni mwa vyuma vyake vimo ambavyo havipigwi kabisa. Vipo ili vitetemeke wenzake wakipigwa. Na tundu lake limezibwa na utando wa buibui, unaoongeza mvumo mwembamba kwenye kila mlio. Mtu aliyewaza kuweka kwenye ala chuma kisichopigwa alikuwa ameshaufikiria usiku kwa kina.

Baada ya fundi wa mti na fundi wa vidole, kuna fundi wa tatu ambaye hasifiwi: yule anayekaa studio usiku. Kazi yake imesaidiwa na anga lenyewe. Mchana kuna tabaka la hewa ya juu linalonyonya mawimbi ya masafa ya kati. Jua likizama tabaka hilo hufifia, mawimbi yakapanda, yakagonga tabaka la juu zaidi na kurudi chini mbali kabisa. Ndiyo maana wazee wa Mbeya na Iringa, enzi za betri kuanikwa juani ili zipate uhai wa usiku mmoja zaidi, walizungusha kitufe taratibu na kukuta Malawi, Zambia, na vituo vya lugha wasizozijua vikija na kuondoka kama mawimbi ya ziwa. Walizoea kusikiliza kilichofifia. FM imetupa usafi, ikatunyima mazoezi hayo.

Mtangazaji mzuri wa usiku ninamtambua kwa namna anavyounganisha. Wa mchana huogopa kimya. Vituo vingine vina hata mtambo unaopiga kengele hewa ikikaa kimya sekunde kadhaa. Wa usiku anajua kwamba baada ya ligombo huwezi kupandisha tarumbeta. Anauacha uzi umalize kusema, anapumua, anataja jina la mpigaji na mahali anakotoka kwa sauti ya mtu aliye chumba kimoja na wewe, kisha analeta kitu ambacho hakitavunja kilichotangulia: labda udi wa Zanzibar, labda kwaya inayoimba bila vyombo, labda kinanda cha Pärt, kwa nini isiwe hivyo? Kupanga nyimbo tano kwa namna hiyo ni kazi ya saa nzima, na msikilizaji hatakiwi kuiona.

Kipimo cha kazi hiyo nilikipata Iringa, mtaa wa Gangilonga, chini ya lile jiwe ambalo jina lake kwa Kihehe ni jiwe linalosema. Nilirudi usiku kwenye nyumba niliyofikia, nikamkuta mlinzi amejifunika koti zito, jiko la mkaa miguuni, redio mfukoni ikilia kwa mbali sana.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Baridi imekukimbiza?”

Nikamuuliza kwa nini asiongeze sauti kidogo, usiku ni mrefu. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini mchuzi una chumvi.

“Nikiongeza, nitamsikiaje mwizi?”

Akanieleza kwamba anabadilisha kituo mara nyingi usiku mmoja, si kwa kuchagua wimbo, bali kwa kukimbia ule unaojaza masikio. Anataka muziki ambao hatua za mtu kwenye changarawe zinaweza kupita katikati yake. Anaoupenda ni wa nyuzi, akasema, kwa sababu unakwenda na kusimama, unakwenda na kusimama, na yeye husikiliza ua wakati unaposimama.

Nimesoma maelezo mengi ya wataalamu kuhusu muziki wa utulivu. Sijaona la kuzidi hilo. Muziki wa usiku unapimwa kwa kile unachokuruhusu kusikia. Nesi wa zamu anatakiwa amsikie mgonjwa akigeuka. Mama mwenye kichanga, pumzi za mwanawe. Dereva anayepanda Kitonga, injini yake. Anayepiga muziki wa saa hizo bila kuacha nafasi amewasahau wote hao. Ligombo liliundwa na watu waliokaa karibu na moto huku wakisikiliza giza, nalo linajua kunyamaza ili giza lisikike.

Kwa hiyo nina ombi kwa watangazaji vijana wa nyanda hizi. Vituo vya FM mnavyo, Mbeya mpaka Iringa, na saa za kuanzia saba hadi kumi usiku hazina ushindani mkubwa wa matangazo. Tengeni nusu saa. Ligombo likianza, msilikate. Mwisho wake ni nusu ya kazi.

Na wewe msomaji, kama kijijini kwenu bado yupo mzee anayelipiga, nenda na simu yako kabla ya mavuno yajayo. Washa hali ya ndege ili isiite. Iweke karibu na mti, si karibu na mdomo. Muulize jina lake, jina la mti, na nani alimfundisha, uyarekodi hayo pia. Anza kurekodi wakati anasawazisha uzi, na akimaliza wimbo, usibonyeze kitu mpaka sauti ya mwisho iwe imeisha yenyewe.